Mzee wangu, sikiliza mpaka ubeti wa pili

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nimjibu mzee mmoja ambaye barua yake mliitoa wiki iliyopita. Alisema muziki wa rapu, mwenyewe anauita muziki wa kufokafoka kama tulivyokuwa tunauita zamani, ndo umewafundisha watoto wetu kuwajibu wazazi na kuwacheka, na akataka stesheni za redio zisiupige kabisa mchana. Mzee wangu, shikamoo. Sikuandikii kwa jeuri. Nyimbo za matusi zipo, na mi nina watoto ndani, na kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Tandika redio inaongea kutwa nzima, kuna nyimbo ikianza tu naweka mkasi chini naenda kuizima kabla haijafika mbali. Hilo tuko pamoja. Tunapoachana ni pale uliposema kijana akiimba kwamba mzazi wake hamuelewi basi tayari ameshamvunjia heshima. Hapo hapana, na nitakueleza kwa nini kwa kutumia wimbo mmoja tu maana nikitaja mingi tutapotezana.

Wimbo wenyewe unaitwa Parents Just Don't Understand, yaani wazazi hawaelewi tu, hamna namna. Jina tu lingetosha kukupandisha presha. Waliuimba DJ Jazzy Jeff na Fresh Prince, vijana wawili wa Philadelphia huko Marekani, ukatoka mwaka 1988 kwenye albamu yao ya He's the DJ, I'm the Rapper. Huyo Fresh Prince ndo Will Smith huyu huyu mnayemuona kwenye sinema, kipindi hicho hajafikisha hata miaka ishirini, kazaliwa Septemba 1968, na Jeff kamzidi miaka mitatu na kitu. Kwa hiyo unayemsikia anawalalamikia wazazi ni kijana mdogo kweli.

Sisi huku bara wakati huo televisheni hatuna, ITV imekuja kuanza 1994, Zanzibar ndo walikuwa na yao ya rangi tangu miaka ya sabini, na redio ni Redio Tanzania peke yake, sasa vitu kama hivi tuliviona kwenye mikanda ya video iliyoletwa na mabaharia na ndugu wanaoishi nje, mtu karekodi toka kwenye televisheni ya huko na matangazo yake yote, mkanda umekopiwa na kukopiwa tena mpaka picha ina chenga tupu, Kiingereza chenyewe tunakishika neno hapa neno pale. Na bado tulielewa. Mtoto kavishwa nguo asizozitaka kaenda shule kachekwa, nani asiyejua hiyo?

Nikuelezee ubeti wa kwanza ulivyo maana nadhani hujausikiliza. Karibu shule zifunguliwe, familia nzima imeingia kwenye gari, baba, mama, kaka, mdogo wao wa kike, wanaenda mjini kwenye jengo la maduka kununua nguo za shule. Mama anachagua shati. Mtoto kwanza ananyamaza, anakunja pua tu. Mama anamuuliza tatizo nini, shati la dola ishirini hili! Mtoto anaangalia, shati lina drafti, kola zile pana za kizamani. Halafu inakuja suruali ya bugaluu, zile za zamani za miguu mipana chini. Anamuomba mama airudishe, halafu anajishusha kidogo, anasema sawa bugaluu nitavumilia lakini hii nyingine ya kugeuzwa ndani nje nakuomba sana iache. Mama wapi. Siku ya kufungua shule inafika, mtoto anajifanya mgonjwa, mama anamkatalia katakata, anavaa anaenda, na yanamkuta yale yale aliyoyaogopa, wanaocheka wanacheka na wasiocheka wananong'onezana wakimnyooshea vidole akipita kwenye korido. Anarudi nyumbani anamueleza mama, mama anamwambia kama wanakucheka basi hao sio marafiki zako. Anakaa masaa sita anajaribu kumuelewesha kwamba hii aibu inabidi aipitie tena kama mara mia mbili.

Mi hapo kwenye jibu la mama ndo napapenda kuliko pote. Mama hajasema uongo, amesema kweli tupu, na sisi wote tumeshawaambia watoto wetu maneno hayo hayo. Ila kweli yake haimsaidii mtoto chochote kesho asubuhi saa moja na nusu akiwa getini. Kijana wa miaka kumi na tisa kaona hilo kaliweka kwenye mistari, na wala hajamtukana mama yake, hajasema mama ni mbaya, hajasema mama ni bahili. Mama kwenye huo wimbo anampenda, katoa hela, kapanga siku, kawabeba wote kwenye gari. Ndo maana ugomvi wenyewe unauma, manake huna wa kumchukia.

Kazi yangu mi ni sare za shule, mzee wangu. Desemba kuelekea Januari sipumziki. Anakuja mama na kijana wa kidato cha kwanza, suruali mpya mkononi, mama anaongea, mtoto kasimama nyuma anaangalia chini. Mama anasema fundi niachie upindo mrefu nitaufungua mwakani, kiunoni uache nafasi, atanenepa akila chakula cha shule. Mi napima, futi iko shingoni, naandika kwenye daftari. Hawajafika hata kwenye kona, kijana anarudi anakimbia, eti kasahau kitu, ananiinamia ananiambia taratibu, fundi nibanie miguu kidogo hapa chini, na ananipa mia tano aliyoificha kwenye soksi. Ukimbania, mama atakuja kunifokea kwamba nimeharibu kitambaa, na shuleni kuna walimu suruali ikiwa modo wanaichana na wembe mbele ya mstari. Usipombania, anajifunza kuishona mwenyewe usiku kwa mkono, sindano nene na uzi mweupe, kesho inafumuka akiwa darasani. Nimeshaona yote mawili. Na kwenye hayo mazungumzo yote pale kibandani, hamna mtu aliyemuuliza yule mtoto neno hata moja. Hilo ndo huo wimbo unasema.

Sasa turudi kwenye bugaluu. Mwaka 1988 mtoto anaiona hiyo suruali kama kitu kilichotoka makumbusho, lakini miaka kumi na tano nyuma bugaluu ilikuwa vazi la vijana na wazee wa wakati ule waliipigia kelele, Marekani na hapa kwetu pia. Mama wa kwenye wimbo anapomshikia mwanae bugaluu, anamshikia ujana wake yeye mwenyewe. Anaona anampa kizuri. Alichokuwa anakipigania yeye na mama yake, ndo hicho hicho leo anamlazimishia mwanae. Hili wimbo haulisemi kwa mdomo, ila liko pale kwenye hanga la duka, na mtu aliyeshika nguo za watu miaka mingi hawezi kulipita.

Na wewe mzee wangu ulisema kwenye barua kwamba zama zenu vijana walikuwa wanawasikiliza wakubwa. Haya. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walipitisha Operesheni Vijana, ikaanza kazi Januari 1969, vimini marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku, na mabinti walikuwa wanasimamishwa barabarani hapa Dar, wengine wanashushwa kwenye mabasi kisa sketi. Mwaka huo huo wa 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam, ukaambiwa unaharibu vijana. Wangesikiliza wakubwa zao kusingekuwa na haja ya operesheni. Waliofukuzwa kisa vimini ndo mama zetu na shangazi zetu hawa ambao leo ukiwaona kanisani au msikitini wamejistiri huwezi kuamini. Soul hii leo inapigwa kwenye vipindi vya zilipendwa Jumapili na wazee wanatikisa vichwa. Silisemi hili kukusuta, nakuomba tu ukumbuke vizuri.

Twende ubeti wa pili, manake hapa ndo nadhani watu wengi wanaolalamika hawajafika. Wazazi wamesafiri likizo wiki nzima, wameacha funguo za gari jipya, Porsche, la mama. Mtoto anajiambia kimoyomoyo hawatajali, nalizungusha kidogo tu nionekane na washkaji. Anafika kona ya mtaa anamuona msichana, anainua simu ya kwenye gari anajifanya anaongea na mtu. Hiyo simu inanifurahisha sana, hamna mtu upande wa pili, na vijana wetu leo wanafanya vile vile na simu zilizozimika chaji. Anampakia, wanapita kununua baga na chipsi, gari linakimbia maili tisini kwa saa, kilomita mia na arobaini na zaidi hiyo, leseni hana, na polisi anamsimamisha. Gari linashikiliwa, yeye anawekwa ndani, wazazi wanakatisha likizo wanarudi kumtoa. Anawaambia shikamooni, safari ilikuwaje! Hawamjibu. Anataka kujitetea, baba anamsukumia ndani ya gari.

Umeona ilivyokaa? Ubeti wa kwanza wazazi ndo hawaelewi. Ubeti wa pili kiitikio ni kile kile, wazazi hawaelewi, lakini sasa msikilizaji yeyote mwenye akili anaona wazi mwenye makosa ni nani. Anayelalamika kaiba gari la mama yake, na bado analalamika kwa sauti ile ile. Kijana amejiweka mwenyewe kizimbani na akajitolea ushahidi dhidi yake. Mzee wangu, kama huu ni wimbo wa dharau basi sijui utii unafananaje, manake watoto wakiusikiliza mpaka mwisho wanachokumbuka ni ile safari ya kurudishwa nyumbani.

Na video ndo imeliweka hili vizuri zaidi. Iliongozwa na Scott Kalvert. Hawakwenda kupiga kwenye nyumba halisi wala duka halisi, kuta na mandhari zimechorwachorwa kikatuni, mistari imepinda, Will anatoa macho, anavuta midomo, anakunja uso kila mama akiinua nguo nyingine. Wazazi nao wametiwa chumvi. Ukiangalia unajua mara moja kwamba hii nyumba ni nyumba inayoonekana na macho ya mtoto, sio nyumba yenyewe ilivyo. Hiyo ni heshima, kwa maoni yangu. Angeweza kupiga kwenye nyumba ya kweli na mama wa kweli anayefoka ukamchukia yule mama. Badala yake kila kitu kinakuambia haya ni malalamiko ya mtoto, yapime mwenyewe. Mwaka 1989 hiyo video ilichukua tuzo ya MTV, stesheni ya muziki ya Marekani, ya video bora ya rapu, na ndo ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa.

Sitaki mtu afikiri nausifia wote. Kuna mahali mi kama mama wa mabinti sicheki na sitacheka. Polisi wakishamkamata inakuja kujulikana yule msichana aliyempakia ana miaka kumi na mbili na ametoroka kwao. Wimbo unalipita hilo kwa mstari mmoja, kama mkosi mwingine wa kijana, gari limeshikwa, leseni sina, na msichana kumbe mtoto mdogo, cheka. Kabla ya hapo umeshamuelezea umbo lake na vifungo vya blauzi anavyovifungua. Mtoto wa darasa la sita huyo. Katoroka nini kwao? Nani anamtafuta? Hamna anayeuliza, wazazi wanaorudi mbio ni wa kijana tu. Kama kuna kitu cha kukemea kwenye huu wimbo ni hicho, na ajabu ni kwamba waliokuwa wanaogopa rapu wakati ule walikuwa wanaogopa kofia na makelele, hilo lenyewe wakaliacha lipite. Wanangu nikiwaonyesha hii video nasimamisha pale, tunaongea, ndo tunaendelea.

La pili ni kipigo. Mwisho wa ubeti anasema wazazi walimpiga kwa zamu njia nzima, mmoja anaendesha mwingine anachapa. Watu wanacheka, hata huku kwetu tunacheka maana kila mtu anayo hadithi yake ya fimbo ya mpera. Lakini mwaka 2021 Will Smith akatoa kitabu cha maisha yake na humo kaeleza kwamba akiwa na miaka tisa alimuona baba yake akimpiga mama yake, na kwamba kitu hicho hakijawahi kumtoka. Nikijua hivyo, ule utani nausikia tofauti. Simhukumu marehemu baba yake, aliyefanya kazi ya kutengeneza majokofu akalisha familia. Nasema tu mtoto anaweza kulifanya kichekesho jambo ambalo hana njia nyingine ya kulisema mezani, na mzazi akizima redio kwa sababu ya makelele hatalisikia kabisa.

Kuna watu wa hip hop wenyewe waliwadharau hawa vijana, wakasema laini mno. Ni kweli 1988 ndo mwaka ambao makundi ya rapu ya Public Enemy na N.W.A walitoa albamu zao nzito zenye mambo ya polisi na ubaguzi, na hawa wawili wanaimba habari za suruali. Ila ukishika hip hop ni muziki wa kusema ulichokiona, basi na ugomvi wa sebuleni nao umeonwa. Sio kila kijana amekimbizwa na polisi. Kila kijana amegombana na mama yake.

Mzee wangu ulisema pia kwamba rapu haina adabu ya lugha. Will Smith alikuwa anaandika mashairi yake kwenye daftari akiwa bado mdogo, yana matusi kama ya wenzake, bibi yake akalikuta lile daftari. Hakulichana wala hakumpeleka kwa baba yake. Alimuandikia humo humo ndani ya daftari kwamba mtu mwenye akili hahitaji maneno hayo ili aeleweke. Mjukuu akaacha matusi kwenye nyimbo zake. Fikiria huyo bibi alivyofanya, alisoma kwanza! Alikaa na daftari la mtoto akalisoma, ndo akajibu, na akajibu pale pale mtoto alipoandika. Wewe na mi tungefanya nini tukilikuta? Najua watu hapa mtaani wangelichoma.

Na hata huko kwao wakubwa hawakuelewa, sio wa nyumbani tu. Huu wimbo ulifika namba 12 kwenye Billboard, chati kuu ya nyimbo Marekani, na Februari 1989 ukachukua Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya huko, upande wa rapu, ya kwanza kabisa tangu hizo tuzo zianze. Jambo kubwa si ndio? Sasa waandaaji wakasema hiyo tuzo haitatolewa kwenye televisheni, muda hautoshi, itatolewa pembeni kabla ya matangazo. Yaani tumewatambua ila msionekane. Jeff na Will wakasusa, hawakwenda, na wenzao waliokuwa wanashindana nao kama Salt-N-Pepa na LL Cool J wakasusa pia. Kool Moe Dee yeye alienda, na akapanda jukwaani akautetea muziki wao mbele ya wote. Walioshindana wakasimama upande mmoja. Hawakuvunja kioo cha mtu, hawakutukana, hawakwenda tu. Baadaye tuzo hizo zikaanza kuipa rapu nafasi yake. Wimbo unaosema wakubwa hawaelewi ukaenda kukutana na wakubwa wasioelewa, na vijana wakaonyesha adabu kuliko wenye shughuli.

Huku kwetu nako tulipitia hayo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Saleh Jabir alichukua wimbo wa Vanilla Ice akautia Kiswahili, vijana tukachanganyikiwa, wazee wakasema wahuni. Kina Sugu na Profesa Jay walipokuja wakaitwa wahuni vile vile, wazazi wengi walikuwa hawataki hata kusikia mtoto anasema anataka kuchana mistari. Profesa Jay aliimba Ndio Mzee, mgombea anaahidi mambo ya ajabu na watu wanaitikia ndio mzee, na nakumbuka mzee wa jirani yetu, mtu aliyekuwa anatufukuza kibarazani kwake na redio yetu, akatuita anatuambia rudisheni nisikie tena alichosema. Hakuna aliyemlazimisha, alisikia neno lenye maana. Sugu akaenda kuwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010, Profesa Jay akawa mbunge wa Mikumi 2015. Sasa hawa nao tungewazimia redio mchana?

Jambo jingine ambalo barua yako haikuligusa ni kwamba hawa watoto wanakua. Miaka kumi baada ya ule wimbo wa malalamiko, mwaka 1998, Will Smith akatoa singo ya Just the Two of Us, juu ya wimbo wa zamani ambao Bill Withers alikuwa ameimba. Safari hii yeye ndo baba. Anamuimbia mwanae wa kwanza, aliyezaliwa 1992, anamueleza hofu aliyokuwa nayo siku ya kumleta nyumbani toka hospitali, anamwambia mimi na mama yako tumeachana lakini sisi wawili tupo. Yule yule aliyesema wazazi hawaelewi anahangaika kueleweka na mtoto wake. Nilipousikia nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza na niliupenda sana, mpaka leo.

Ninachoomba, mhariri, ni mambo mawili na yote yako ndani ya uwezo wako. Kwenye ukurasa wenu wa burudani mnatuandikia nani kaachana na nani na nani kanunua gari. Wekeni na mashairi yenyewe. Chukueni mistari ya vijana wa hapa wanaoimba habari za nyumbani, baba asiyeongea, mama anayefuatilia simu, ada, kupangiwa mchepuo wa sayansi wakati mtoto anataka kuchora, muichape ilivyo ili mzazi ambaye sikio lake halishiki ule mwendo kasi aweze kusoma kwa macho taratibu. Wengi wetu tunakasirikia nyimbo ambazo hatujashika hata nusu ya maneno yake. Na la pili, huu ukurasa wa barua tumejaa sisi watu wazima tu. Kijana akiandika, hata kama kaandika vibaya, mtoeni.

Na wewe mzee wangu kama uko Dar, karibu kibandani Tandika, uliza fundi wa sare utaonyeshwa. Simu ya mwanangu ina hiyo video yote, haimalizi hata dakika sita, tutaikalia pamoja, pale kwenye habari ya yule binti tutaisimamisha useme ulicho nacho na mi niseme changu, na kama baada ya hapo bado unaona ifungiwe nitakusikiliza. Usije Januari tu, Januari nina foleni ya suruali.

Wako msomaji,
Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam.